Sauti ya Kwanza na ya Pili

Katika muziki hakuna kundi dogo kuliko jozi ya waimbaji: watu wawili, gita moja au mawili, pengine na chupa tupu ya soda inayogongwa kwa kijiti. Katika Afrika Mashariki jozi za namna hiyo zilianza karibu zote kama muziki wa ridhaa. Mmoja alikuwa karani, mwenzake mwalimu, dereva, fundi cherehani au mkulima, na gita lilingoja jioni. Historia yao imejaa kuachana na kurudiana. Mmoja anahamishwa kikazi, anaoa, anaokoka au anachoka tu, kisha baada ya miaka kumi au ishirini wawili hao wanakutana tena mbele ya kipaza sauti kutengeneza albamu mpya. Mara nyingi kilichoamua kama watarekodi hakikuwa kipaji chao wala urafiki wao. Kilikuwa chombo cha kunasia sauti kilichopatikana wakati huo, na umbali wa kukifikia.

Umbali huo unapimika vizuri kutoka mahali kama Nangwa, chini ya mlima Hanang unaopanda kupita mita 3,400, katika wilaya ya Hanang iliyokuwa ya mkoa wa Arusha kabla ya mkoa wa Manyara kuundwa mwaka 2002. Nchi hii ni ya Wadatoga, hasa Wabarabaig na ng'ombe wao, na ya Wairaqw walioteremka kizazi baada ya kizazi kutoka nyanda za juu za Kainam na Mbulu wakitafuta mashamba na malisho. Wanyaturu na Wanyiramba wako jirani upande wa Singida. Hapa majibizano ya sauti mbili yalikuwapo kabla ya gita. Wairaqw wana girayda, mashindano ya maneno ya kuimba yanayonoga zaidi penye pombe: huyu anatupa neno, yule analipokea na kulirudisha likiwa na makali zaidi, na waliokaa ndio waamuzi. Wana pia slufay, sala ndefu ambayo mzee anaitamka na watu wanaitikia kila anapotua. Fasihi hiyo ilipata watafiti wake, akiwamo W. D. Kamera, ambaye kitabu chake cha hadithi za Wairaqw kwa Kiswahili kilitoka mwaka 1978. Mwimbaji wa girayda asiye na mpinzani ni mtu anayejisemea peke yake, kwa hiyo wazo kwamba wimbo unahitaji watu wawili halikuletwa Hanang na redio.

Redio na santuri zilileta kitu kingine: wimbo ulioweza kusikika bila mwimbaji kuwapo. Ukanda wa pwani ulianza mapema. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, maana studio ya karibu ndiyo hiyo. Safari ya meli ya siku nyingi kwa ajili ya kunasa sauti si jambo ambalo mtu wa ridhaa angeliweza kwa mfuko wake, na kwa miaka kama ishirini iliyofuata kurekodi kulibaki kazi ya walioitwa na kampuni.

Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wanajeshi wa King's African Rifles walirudi kutoka Burma na kwingineko wakiwa wamesikia gita, na wengine wakiwa wamelipiga katika vikosi vya burudani vya jeshi. Fundi Konde wa Kenya alitoka katika mkondo huo. Gita lilianza kuuzwa madukani Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na makampuni ya santuri yakafungua studio Nairobi. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takribani dakika tatu kila upande. Ndani ya dakika tatu bendi kubwa ya tarumbeta haina nafasi ya kujieleza, lakini watu wawili wanaweza kuanza, kusimulia kisa, kupiga kipande cha gita na kumaliza. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, na uwiano wa sauti ulipatikana kwa miguu: mwenye sauti ya kwanza akasogea karibu, mwenye sauti ya pili akarudi hatua moja nyuma, gita likawekwa kati yao. Ukikosea mwishoni, unaanza upya.

Jozi zilifaa chombo hicho kama mpini unavyofaa jembe. Kenya Magharibi ilitoa wapiga gita wa vidole kama George Mukabi, aliyerekodi akisindikizwa na chupa ya soda iliyokwaruzwa na kugongwa kufuata mapigo. Chupa haikuwa mzaha. Mlio wake mkavu ulipenya kelele za santuri vizuri kuliko ngoma, ambayo kwenye vyombo vya wakati ule ilisikika kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha pili.

Kutoka Katanga, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya migodini na mitaani, walitokea binamu wawili, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo. Mwenda hakuwa mwanamuziki wa kulipwa mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomkuta na gita lake mtaani Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952 na kunasa wimbo wa "Masanga". Rekodi hiyo ilisambaa hadi Afrika Mashariki, na wapiga gita wengi walijifunza kwa kuisikiliza santuri hadi ikalika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtayarishaji Peter Colmore aliwaleta binamu hao Nairobi kwa nyakati tofauti, na pamoja na maonyesho waliimba hata matangazo ya biashara. Karani wa jana aligundua kwamba vidole vyake vina bei.

Upande wa Tanganyika, nyumba iliyo karibu zaidi na Hanang kwa ramani na kwa roho ni ile ya Humplick, Moshi. Frank Humplick, aliyezaliwa 1927, baba Mzungu na mama Mchaga, aliimba na dada zake wawili, Thecla na Maria Regina. Ulikuwa muziki wa ukumbi wa nyumbani uliotoka nje: dada walishika sauti mbili za juu zilizokwenda pamoja bila kuachana, kaka akabeba gita na sauti yake. Santuri zao ziliandikwa Frank na Dada Zake. Frank alirekodi pia na Masengo, na jozi hiyo ya Moshi na Katanga inaonyesha jinsi Kiswahili kilivyowakutanisha watu ambao vinginevyo wasingejuana. Si kila mtu alifurahi. Wimbo wa Frank "Yes-No", ulioeleweka kuwa wa siasa ya uhuru, ulipigwa marufuku na serikali ya kikoloni. Frank alifariki 2007, na katika miaka ya karibuni santuri hizo zimetolewa upya ng'ambo zikiwa zimesafishwa mikwaruzo. Wasikilizaji wengi wa leo wa dada wa Moshi hawajawahi kuuona mlima Kilimanjaro.

Wakati santuri zikifanya kazi Nairobi, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, ikakua na kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), idara ya serikali. Hapo ndipo jozi zilipoanza kufifia. Sababu haikuwa chuki. Uhuru ulikuja na haja ya sauti kubwa. Vilabu vya jazz, ambavyo kuanzia Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930 vilikuwa vyama vya ridhaa vyenye wanachama, ada na mwenyekiti, viligeuka polepole kuwa bendi za taasisi. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake wakapata mshahara. Polisi, jeshi na mashirika ya umma yakafuata. Mtu aliyetaka kuishi kwa gita aliingia katika bendi ya watu kumi na tano yenye tarumbeta, saksafoni na wacheza shoo. Jozi ya marafiki haikuwa na taasisi ya kuilea.

Studio ya RTD ndiyo iliyokuwa mlango wa pekee kwa wengi. Bendi iliingia, ikapiga moja kwa moja, mhandisi akanasa kwenye utepe mpana wa sumaku, na kazi ikakaa maktaba ya redio kusubiri kipindi. Kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwapo nchini. Waliotaka santuri walitegemea Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka kufungwa, hata mlango huo ulibana. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: nchi nzima iliujua wimbo, lakini mwenye wimbo hakuwa na nakala yake nyumbani. Wanamuziki wakongwe waliposema "wimbo wetu uko redio", walimaanisha mahali halisi, rafu fulani katika jengo la Barabara ya Pugu.

Kutoka Nangwa jengo hilo lilikuwa mbali mno. Kilichokuwa karibu zaidi ni kanisa. Wakatoliki na Walutheri walikuwa na mizizi katika nchi ya Mbulu na Hanang, na kwaya zilikuwa mahali pa kwanza ambapo vijana walijifunza kugawana sauti kwa utaratibu, soprano hadi besi, wakifundishwa na mwalimu mwenye daftari la sol-fa. Walutheri walikuwa na studio Moshi iliyotengeneza vipindi vya Kiswahili vya Sauti ya Injili, redio iliyorusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipoitaifisha 1977. Kwa kwaya za kaskazini studio hiyo ilipunguza safari ya kurekodi: haikulazimu tena kufika Dar es Salaam. Kutoka uimbaji wa kwaya walichomoka waimbaji wawili wawili, kwani ukiisha kujua sauti yako ni ipi, unahitaji mtu mmoja tu wa kushika nyingine.

Kanda za kaseti ziliwapa hao chombo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 redio-kaseti yenye kinasa sauti ndani yake iliingia majumbani, na kwa mara ya kwanza mtu wa ridhaa aliweza kujirekodi bila kumwomba mtu ruhusa. Ubora ulikuwa duni: jogoo aliwika katikati ya ubeti, betri ilipoisha nguvu utepe ulikwenda polepole na sauti ilipopigwa tena ikapanda kama ya mtoto. Lakini kanda ilinakilika. Kwaya ilirekodi mara moja mjini, ikauza kanda zake mnadani, na minada ya mifugo ya Hanang ni mahali ambapo habari na bidhaa hutembea kwa kasi kuliko gazeti. Wizi wa kunakili ulikuja na mkondo huohuo. Kanda moja halali ilizaa nyingi zisizo halali kabla wiki haijaisha.

Sheria ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa redio binafsi, na kuanzia 1994 vituo vipya vya Dar es Salaam vilihitaji nyimbo nyingi kuliko maktaba ya serikali ilivyoweza kutoa. Wakati huohuo studio ndogo zilizotumia kinanda cha umeme na kompyuta zilianza kufanya kazi mjini humo, kama Mawingu, MJ ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk. Kompyuta ilipiga ngoma, besi na kinanda. Bendi ya watu kumi na tano haikuhitajika tena, na mshahara wa taasisi nao ulikuwa umekauka. Jozi zikarudi, safari hii zikighani badala ya kupiga gita. Temeke ikatoa Gangwe Mobb, yaani Inspekta Haroun na Luteni Kalama, na albamu ya Simulizi la Ufasaha mwaka 2001. Mabaga Fresh walikuwa wawili. Mandojo na Domokaya wakalirudisha hata gita kavu lenyewe, na mtu aliyezisikia santuri za miaka ya 1950 angeitambua familia hiyo papo hapo.

Tanga, mji ulioanguka pamoja na mkonge na viwanda vyake, ulitoa Wagosi wa Kaya: Mkoloni na Dr. John. Jina lina maana ya wanaume wa nyumbani, kwa lugha za Wabondei na Wasambaa. Lafudhi yao ilikuwa ya Tanga bila kuona haya, na mgawanyo wa kazi ulikuwa wa mzee mlalamikaji na mwenzake anayechochea, mfano wa mazungumzo ya barazani yaliyowekwa kwenye mdundo. "Tanga Kunani" uliuliza mji umepatwa na nini. "Wauguzi" ulieleza yanayomkuta mgonjwa wodini, "Trafiki" yanayomkuta dereva barabarani. Albamu yao ya Ukweli Mtupu ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwatoa kijiweni. Nguvu ya nyimbo hizo haiko katika sauti ya mtu mmoja. Ukimwondoa anayedakia, malalamiko yanakuwa hotuba.

Baadaye kila mmoja alishika njia yake, na ilichukua miaka mingi kabla wawili hao hawajarudi pamoja na "Gahawa", wimbo unaonukia kahawa ya barazani ambako kila kitu kilianzia. Kurudi kwao kuna mfano Kenya. Gidi Gidi Maji Maji, jozi iliyotoa albamu ya Ismarwa mwaka 2000 na ambayo wimbo wake "Unbwogable" uligeuzwa na wanasiasa kuwa wimbo wa uchaguzi wa 2002, nao waliachana baada ya albamu ya pili, Gidi akaingia kazi ya utangazaji wa redio, kisha wakaonekana tena jukwaani pamoja. Katika visa vyote viwili waliorudi hawakuwa vijana wenye njaa ya umaarufu. Walikuwa watu wenye kazi nyingine, na kwa hiyo, kwa kiasi fulani, walirudi wakiwa watu wa ridhaa kuliko walipoanza.

Kurudi kwa wakongwe kuna historia yake hata upande wa bendi za dansi. Mwaka 1993, kwa msaada wa shirika la HelpAge, wanamuziki wazee wa Dar es Salaam waliokuwa wametawanyika waliunganishwa kuwa Shikamoo Jazz, miongoni mwao Salum Zahoro aliyevuma zamani na Kiko Kids ya Tabora. Walipata vyombo, wakarekodi, na mwaka 1995 wakasafiri hadi Uingereza pamoja na mwimbaji Bi Kidude wa Unguja. Naye Mwenda wa Katanga aliitwa Cape Town mwaka 1988 kurekodi upya nyimbo zake. Aliuawa na ajali ya gari Zambia mwaka 1990, na rekodi zile zikatoka 1994. Akisikilizwa baada ya santuri za 1952, vidole vinasikika vimekuwa vizito kidogo na sauti imeshuka, lakini mapigo yametulia zaidi. Kijana alikimbia mbele ya wimbo, mzee anausubiri umfikie.

Mabadiliko hayo ya sauti ndiyo tatizo la kwanza la kiufundi jozi inaporudiana. Sauti ya mtu hushuka na umri, na si kwa wote kwa kiasi kimoja. Mwenye sauti ya juu akishuka zaidi ya mwenzake, nafasi kati ya sauti ya kwanza na ya pili inavurugika, na wimbo hauna budi kuhamishiwa ufunguo wa chini, na wakati mwingine waimbaji hubadilishana hata nafasi. Kwa gita hilo ni jambo dogo: nyuzi zinalegezwa au kibano cha shingoni kinasogezwa. Kwa nyimbo za kughani tatizo ni pumzi. Ubeti ulioimbwa kwa pumzi moja miaka ishirini iliyopita unahitaji kukatwa mahali papya, na anayedakia hana budi kujifunza upya mahali pa kuingia.

Tatizo la pili limeletwa na kompyuta ileile iliyowarudisha. Studio ya leo hunasa kila sauti kwenye mstari wake peke yake. Mwimbaji mmoja anaweza kuimba ya kwanza, kisha ya pili, kisha kiitikio, na mwenzake hahitajiki kabisa. Jozi nyingi zimevunjika kimyakimya kwa njia hiyo. Lakini mstari huohuo unaruhusu waliotengana kwa kilomita mia kadhaa kurekodi bila kukutana: aliyebaki kijijini anaimba sehemu yake katika studio ya chumba kimoja mjini, faili linatumwa kwa simu, na mwenzake anaongeza yake usiku huohuo mahali pengine. Safari ya Siti kwenda Bombay imekuwa faili la simu. Kinachopotea ni ile hatua moja ya kurudi nyuma mbele ya kipaza sauti, ambayo iliwalazimu waimbaji wawili kusikilizana kabla ya fundi kuwasikiliza. Watayarishaji wazoefu huwataka waliorudiana waimbe pamoja chumba kimoja angalau mara ya kwanza, hata kama rekodi hiyo haitatumika.

Kwa waimbaji wa Hanang mabadiliko haya yamefungua jambo ambalo santuri na RTD hazikulifungua. Redio ya taifa ilitaka Kiswahili, na nyimbo za Kiiraqw na Kidatoga zilipata nafasi kama ngoma za asili tu. Tangu studio ndogo zienee katika miji ya kaskazini na simu kuwa ndiyo redio, nyimbo za lugha hizo zinarekodiwa kwa wingi na kuhamishwa kutoka simu hadi simu, na majibizano ya zamani ya girayda yanasikika ndani ya mdundo wa kompyuta.

Linabaki suala la umiliki, ambalo kwa wanaorudiana ni la vitendo. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, inatenganisha haki ya mtunzi katika wimbo na haki ya aliyegharimia kuunasa. Jozi iliyouza kanda yake kwa msambazaji zamani inaweza kukuta utepe wa kwanza si wake, hata kama maneno na sauti ni za wawili hao. Kama maneno na lahani havikuuzwa, njia iliyobaki ni kuingia studio na kuimba upya kila kitu. Ndiyo maana albamu mpya za waliorudiana mara nyingi zina nyimbo za zamani nne au tano katikati ya mpya, na majina ya watunzi wawili yameandikwa chini ya kila moja.